Mawese kwenye injini ya Liemba

Mtoto alikuwa na daftari. Hilo daftari ndo lililoniua.

Tulikuwa Sabasaba, saa kumi jioni hivi, jua linapiga kwenye turubai mpaka mawese kwenye chupa yamelegea kama maji, na rafiki yangu Bosi yuko mbele ya meza yake anafanya kazi anayoiweza kuliko watu wote ninaowajua. Anauza. Mimi nilienda kumsindikiza tu, nimekaa kwenye dumu tupu nyuma yake nakunywa juisi ya miwa. Akasimama mama mmoja na binti yake, wa kama miaka kumi, ana daftari na penseli, mwalimu kawaambia likizo hii kila mtu aandike alichokiona Sabasaba.

"Mama, haya mafuta siyo ya mchezo," Bosi akaanza. "Unaijua Liemba? Meli ya Kigoma? Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikakaa chini ya ziwa miaka nane. Imekuja kutolewa, injini nzima! Unajua walipaka nini? Mawese. Haya haya."

Yule mama akacheka, cheko la mtu ambaye atanunua lakini bei kwanza tutaongea. Binti hakucheka. Akauliza, "Nani alipaka?"

Bosi akageuka, akanishika bega kwa mkono wenye mafuta. "Baba yake babu yake huyu. Kitukuu wake huyu hapa, muulize mwenyewe."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Hapo nilikuwa na sekunde mbili. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kucheka nikasema muulize huyo Bosi ndo anajua kila kitu. Nikataja jina. Jina la kwanza lililonijia, la fundi baiskeli mmoja wa mtaani kwetu Ujiji, mtu ambaye injini pekee aliyowahi kuigusa ni ya mashine ya kusaga ya jirani.

Binti akaandika. Akanionyesha niangalie kama kapatia.

Kapatia.

Chumba cha watu sita

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2009 nimeingia Dar kusoma, nimetoka Kigoma na begi, godoro la kukunja na dumu la lita tano la mawese ambalo mama alilifunga kwa mifuko mitatu na bado likavuja kwenye treni mpaka viatu vya jamaa wa siti ya mbele vikawa vyekundu. Hosteli tulipangwa chumba cha watu wanne tukalala sita, mnajua wenyewe mambo ya kubebana.

Na kwenye kile chumba mi nilikuwa ndo redio. Walikuwa wananiita hivyo kabisa, Redio. Wenzangu wote wanatoka sehemu ambazo watu wanazijua, Moshi, Mbeya, Tanga, mmoja mtoto wa Magomeni. Mimi natoka mwisho wa reli. Kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar, na wakati ule ukisema Kigoma mtu anakuuliza maswali mawili tu, la uchawi na la kama we kweli Mtanzania. Kwahiyo nikajifunza haraka kwamba ukiwa unatoka sehemu watu hawaijui, unaweza kuijaza unachotaka.

Niliwaambia treni yetu iliwahi kukaa Tabora muda mrefu mpaka abiria mmoja akashuka, akachumbia, akalipa mahari, akaoa, akarudi na mke wake wakakuta bado tunasubiri kichwa, na hajakosa hata siti. Niliwaambia kule Ujiji viboko wakitoka ziwani usiku unawasalimia, ukipita kimya ndo wanakufukuza, siyo ubaya, ni adabu tu wanadai. Niliwaambia mjomba wangu aliwahi kuvua mgebuka mkubwa mpaka walipoupasua wakakuta ndani mtumbwi na jamaa yumo bado anapiga kasia.

Na kila mara chumba kizima kinalipuka. Fiksi! Kamba hiyo! Siku hizi wangesema chai, ila enzi zile chai ilikuwa bado ni ya kunywa. Wananirushia mto, tunacheka, tunalala. Hakuna aliyeumia, na mpaka leo naapa hakuna kitu kitamu kama mto unaorushiwa kwa ajili ya uongo uliotulia.

Bosi alikuwa anaitwa Bosi kwa sababu ndo pekee aliyekuwa na jiko la gesi, dogo, la plate moja, limekaa juu ya mtungi wake. Kulikuwa ni marufuku hosteli. Alikuwa analificha kwenye begi la nguo akisikia mlinzi anapita. Kumbukeni hilo jiko.

Grisi

Ilikuwa usiku wa mgao, umeme hakuna, Bosi anapika maharage na yale mawese yangu. Jamaa wa Moshi akaweka kijiko mdomoni, akakunja sura, akasema, "Aisee, hii kitu inanuka grisi."

Sasa we tukana Kigoma kote utakavyo. Ila mawese ya mama yangu?

"Grisi?" nikamwambia. "Unajua unachosema? Unajua kwanini Liemba bado inaelea?"

Na nikaanza kusimulia. Na hapa ndo pana ugumu wa hii habari yote, maana nilichosimulia mwanzo kilikuwa kweli. Kweli tupu. Kwamba meli ilijengwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913, halafu ikafunguliwa vipande vipande ikawekwa kwenye maboksi kama 5,000 hivi ikaletwa Dar kwa meli nyingine. Kwamba kutoka Dar ikapandishwa treni mpaka Kigoma, reli yenyewe ndo kwanza imefika, wakaiunganisha pale pale ziwani wakaishusha majini Februari 1915, vita ishaanza. Kwamba waliipa jina la von Götzen, yule aliyekuwa gavana wakati wa Maji Maji. Kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa, wale mafundi wao waliokuja na meli toka kwao wakaipaka injini grisi ya kutosha, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kwa akili kwamba ipo siku watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta inafaa, na 1927 ikaanza kazi upya na jina jipya la Liemba.

Haya yote mtoto wa Kigoma unayasikia kabla hujajua kusoma. Kwetu hayana ajabu. Ila mle chumbani, kwenye giza, na mshumaa mmoja umesimamishwa kwenye kifuniko cha Blue Band, niliona sura zao zinabadilika. Hakuna aliyerusha mto. Walikuwa wanasikiliza kweli.

Nikaona haitoshi.

Sijui niwaelezeje. Ile meli ilikuwa na kila kitu, vita, Wajerumani, treni, ziwa, isipokuwa mtu wangu hakuwemo. Hakuna mtu wa kwetu kwenye ile hadithi zaidi ya wabebaji wa maboksi ambao hata majina yao hatuyajui. Na jamaa kasema mawese yananuka grisi. Kwahiyo mdomo wenyewe ukaenda: "Na ile grisi haikuwa grisi. Vita vimebana, grisi itoke wapi? Yalikuwa mawese. Na aliyeyapaka ni baba yake babu yangu, kijana wa miaka kumi na sita, kibarua wa pale bandarini."

Nilipiga na hesabu ya umri kichwani hapo hapo, baba, babu, baba yake babu, ikakubali. Muongo mzuri ni mtu wa hesabu.

Nikaongezea kwamba viganja vyake vilibaki vyekundu mpaka anakufa, havikutoka kwa sabuni wala kwa jivu. Nikaongezea kwamba Mjerumani mmoja alimlipa kifungo cha koti lake, cha shaba. Bosi, na hili nalikumbuka vizuri kwa sababu mwiko ulikuwa umesimama juu ya sufuria, akauliza, "Hicho kifungo kiko wapi sasa hivi?"

"Alizikwa nacho."

Kimya. Yule wa Moshi akachota kijiko kingine cha maharage, akala.

Hakuna aliyesema fiksi.

Uongo njoo

Baada ya Sabasaba nimekaa na hii kitu wiki tatu na ushee. Nafungua simu naandika, "Oya Bosi kuna kitu nataka nikuambie," nafuta. Naandika, "Hivi unakumbuka ile stori ya babu 😂", nafuta. Kilichokuwa kinanirudia usiku siyo Bosi, ni yule binti na daftari. Nawaza shule imefunguliwa, mwalimu kapitisha kalamu nyekundu, kaweka vema. Fundi baiskeli wa Ujiji kaingia kwenye historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa vema.

Nikajiuliza sana tofauti iko wapi. Kati ya hii na ile ya jamaa aliyeoa Tabora.

Mama alikuwa anatutolea hadithi usiku, na kabla hajaanza ilikuwa lazima tuitikie. Paukwa? Pakawa! Hadithi hadithi? *Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.* Nimeisema hiyo mara elfu na sijawahi kuisikiliza. Uongo njoo! Sisi wenyewe, watoto, kwa midomo yetu, tunaukaribisha, tunaufungulia mlango tunaupa na kiti. Baada ya hapo Sungura akimdanganya Fisi mpaka asubuhi hakuna mwenye kesi. Utani nao uko hivyo hivyo. Mtani wako anakuja msibani anakuambia marehemu kamuachia yeye ng'ombe wote, na anaanza kabisa kuwafungua, ila wote pale mnajua yule ni mtani, na mwenyewe anajua kwamba mnajua.

Hosteli hatukuwa na paukwa ila tulikuwa na mto. Mto ndo ilikuwa ile "uongo njoo" yetu, imekuja mwishoni badala ya mwanzo, kazi ni ile ile. Na ile ya mawese mto haukuruka. Mimi ndo niliyehakikisha hauruki, kwa sababu nilitanguliza kweli sita halafu ya saba nikaichomeka katikati kama mzamiaji kwenye harusi, huwezi kumtoa bila kuharibu shughuli nzima.

Na nilijua. Hapo ndo sina pa kujificha. Nilijua usiku ule ule kwamba haikurushiwa mto, nikalala nimefurahi zaidi kuliko siku zote.

(Nilijaribu kujifariji kwamba hata mawese yenyewe nimeyapa sifa tu. Fundi mmoja nikamuuliza kiujanja, hivi injini ukiipaka mawese ukaifungia miaka nane? Akaniangalia. "Yataganda, yatachacha, chuma kitaliwa," akasema. "Nani kakushauri?")

We unashusha mzigo, nani anaupokea?

Nikamwambia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini, maana na yeye alikuwa anaijua ile ya kifungo, nilimwambia tukiwa wachumba. Halafu akaacha kucheka akasema, "Kwahiyo na mimi."

Ndo na wewe, mama. Samahani.

Akanyamaza kidogo halafu akaniambia neno ambalo lilinikera kwa sababu lilikuwa na uzito. Kwamba Bosi ana biashara, ana lebo, ana watu anawaambia, na ana raha yake na ile stori. Mimi nikienda kumwambia, nitatoka pale mwepesi na yeye atabaki kaushika mzigo. "Sasa unaenda kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina la kueleweka.

Nikaanza na kilicho rahisi, nikaenda kijiweni, kwenye kahawa, wale wale wa hosteli wawili bado tunakutana pale kila Jumapili. Nikawaambia, jamani, leo nataka kutubu. Ile ya jamaa wa Tabora haikuwa kweli. Wakaniangalia kama nimechanganyikiwa. Mmoja akaniambia, "Redio, na viboko wa salamu je, usituambie na wao hawapo," wakacheka mpaka muuza kashata akatugeukia. Toba gani hiyo. Huwezi kutubu kitu ambacho hakuna aliyekuamini. Nilirudi nyumbani nimelipa kahawa za watu wote na sijatua hata kilo moja.

Kilichonisukuma mwishowe ni kitu kidogo. Bosi alinitumia picha ya lebo mpya, anataka maoni. Kachora meli, maandishi ya dhahabu, na chini yake mchoro wa kijana kifua wazi kashika ndoo. Viganja kavipaka rangi nyekundu.

Tandika

Stoo yake iko Tandika, nyuma ya soko, chumba kimoja cha bati chenye joto la kuivisha ndizi. Nilimkuta anachuja. Anamimina kutoka dumu la lita ishirini kwenda kwenye ndoo kupitia kitambaa cheupe ambacho hakijawa cheupe tangu siku ya pili, taratibu, mawese yanashuka kama uzi mnene, rangi ya machungwa inayoelekea damu. Ukimwagikia shati hilo shati limeshahama kabila.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote, nikasema tu: "Bosi, ile ya babu na Liemba. Babu hayumo. Meli ni kweli, kuzama ni kweli, babu nilimuweka mimi."

Hakuacha kumimina.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Na mawese?"

"Ilikuwa grisi."

"Grisi," akasema. Akalilaza dumu, akafuta mikono kwenye suruali. Nilitegemea atacheka. Kusema kweli kuna sehemu yangu ilikuwa ishamuandikia mpaka maneno, kwamba atasema nilijua siku nyingi, na sote tutacheka na mto utaruka, umechelewa miaka mingi lakini utaruka. Kwenye kichwa changu ilikuwa imeshaisha vizuri.

Nikamuuliza swali la kijinga, lebo zimebaki ngapi, labda nichangie kuchapa nyingine.

"Lebo ni karatasi," akasema. Akakaa kwenye dumu. Akawa ananiangalia, siyo kwa hasira, ananiangalia kama unavyoiangalia noti ya elfu kumi mtu akishakuambia mtaani kuna za bandia. Unaigeuza. Unaiweka kwenye mwanga.

"Na mama?"

"Mama nani?"

"Mama yako. 2012."

Jiko

Mwaka 2012 tulikuwa tumemaliza chuo, tumepanga Manzese nyumba moja vyumba tofauti, hakuna mwenye kazi ya kueleweka. Mama akaanguka sokoni Kigoma. Presha. Nikapigiwa simu usiku, inatakiwa hela, na mimi mfukoni nina nauli ya kesho. Niligonga mlango wa Bosi nikamwambia. Hakuuliza swali hata moja. Asubuhi aliondoka na jiko la gesi, mtungi, na sabufa yake ambayo alikuwa anaifunika kitambaa kama mtoto mchanga, akarudi mchana na laki mbili akanipa mkononi. Miezi sita iliyofuata alikuwa anapikia jiko la mchina, la mafuta ya taa, sufuria zote nyeusi, na watu wakaendelea kumuita Bosi. Hela nilirudisha kwa mafungu, ilichukua mwaka na kitu. Jiko lile hakulipata tena.

Ile ilikuwa kweli. Kila neno.

Nikamwambia, Bosi, ile ilikuwa kweli.

"Sawa," akasema.

"Naapa."

"Usiape. Na ile uliyokosa interview kwa sababu gari la mafuta lilianguka Mlandizi?"

Kweli. "Kweli ile."

"Ile ya kwamba demu wa Mbezi alikuacha sababu ya dini?"

Hapo nikasita. Aliniacha sababu nilikuwa sina hela, dini ndo niliyoisema kwa watu. "Ile... nusu."

"Ile ulivyoanguka kwenye boti Kibirizi ukiwa mdogo, mvuvi akakudaka kola?"

Na hapa, wapendwa, ndo nilipoishiwa. Kwa sababu sijui. Nimeisimulia ile mara nyingi mno. Naliona shati, lina kola ya bluu, nausikia mkono wa yule mvuvi shingoni. Lakini nilikuwa na miaka mitatu, mtu wa miaka mitatu anakumbuka nini? Niliambiwa na mama. Na mama aliniambia mchana, anachambua mchele, bila paukwa.

"Sijui," nikasema.

Bosi akatikisa kichwa, taratibu. "Unaona sasa," akasema, akarudi kwenye dumu lake.

Nilikuwa nimeenda kumrudishia kitu kimoja kibovu. Nimetoka pale nimemchafulia vyote. Miaka yote mi nilidhani kila stori imekaa peke yake, kila moja kwenye chupa yake, hii ya kweli hii ya uongo, lebo ninazo mimi kichwani. Kumbe kwake ni dumu moja.

Siku kumi na moja

Hakunipigia siku kumi na moja. Nilihesabu. Status zake naziona, anauza, lebo ni zile za zamani zisizo na kijana. Nikapekua nyumba nzima natafuta kitu cha 2012, risiti ya hospitali, karatasi ya dawa, meseji. Simu ya wakati ule ilishaibiwa kwenye daladala zamani. Mtu mzima natafuta ushahidi kwamba mama yangu aliwahi kuumwa. Mke wangu ananipitia na ufagio, hasemi kitu, na namshukuru kwa hilo.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi, akaja. Kabeba chupa ya lita moja kama mtu anayeenda kusalimia. Akapewa chai, akaigeuzia kikombe, akasema, "Nisikufiche. Meli nimeshahakikisha. Kuna mzee wa reli hapo Temeke kanithibitishia, maboksi, kuzama, yote. Kaniambia mpaka 2015 ilikuwa inawabeba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, meli ina miaka mia moja."

"Ndio."

"Kwahiyo lililokuwa gumu kuamini ndo la kweli."

"Ndio."

"La jiko ndo linanisumbua," akasema. "Mi silitaki jiko. Nataka nijue tu."

Nikachukua simu nikampa. Nikamwambia mpigie mwenyewe, mimi sitii neno. Weka spika.

Ikaita. Mama akapokea kwa ile sauti yake ya kuongea na simu kana kwamba Dar ni ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba! Ndo wewe Bosi? Umepotea, baba, mpaka nikasema huyu kaoa Mzungu. Mnauza mawese yangu vizuri huko?"

"Tunauza, mama. Mama, samahani, nilikuwa na swali. Mwaka ule wa 2012, ulianguka sokoni, ukaumwa. Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimeinamia mkeka, nasubiri. Neno moja tu. Ndio baba, nilianguka, presha. Basi.

"Kuumwa?" mama akasema. "Nani kakudanganya niliumwa? Baba, mimi nilikufa!"

Bosi akaniangalia.

"Nilikufa mara mbili. Ya kwanza pale pale sokoni, juu ya dagaa za watu. Ya pili hospitali, usiku, nawasikia kabisa wanasema chemsheni maji, na shemeji yangu keshatoka kutafuta sanda. Nikasema mwanangu yuko Dar hajanizika, nitakufaje? Nikakaa. Daktari akadondosha miwani, akatoka mbio, yule daktari baba mpaka leo kazini hajarudi, nasikia yuko Kasulu analima maharage..."

Nilijaribu kuichukua simu, Bosi akaisogeza pembeni. Alikuwa kaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika, na mama ndo kwanza ameingia kwenye habari za aliyoyaona upande wa pili, ambako inaonekana kuna foleni na watu wa Kigoma wanapitishwa mwisho. Mke wangu kasimama mlangoni, kashika mto wa kochi, sijui alikuwa anaufuta vumbi au nini.

Iliisha baada ya robo saa, salio lilipokata. Bosi akafuta macho. Akaniangalia tena, muda mrefu.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja," nikasema. "Na hakufa. Alizimia tu."